Tope Chini ya Injini

Vijana mnaoendesha sasa mmeniomba mara mbili, na mara ya tatu mkanitumia daftari na kalamu, kwa hiyo sina pa kujificha. Mnataka niwaandikie jinsi nilivyoipandisha pikapu ya ghala kutoka Mwaya hadi Tukuyu miaka yote ile bila kuunguza injini. Kwanza niwasahihishe. Niliunguza injini moja katika mwaka wangu wa kwanza, na nyingine nusura niiue nikiwa tayari dereva mzee anayesifiwa. Mtu akiwaambia hajawahi kuunguza injini, muulizeni kama gari lake huwa linatoka uani.

Habari za vyeo sitaandika. Dereva wa ghala la mpunga ana cheo kimoja tu, na nilikipata siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza meli ilikuwa imetia nanga Mwaya, watu wanashusha mizigo, na mimi nimesimama na barua yangu mkononi bila mtu wa kuisoma. Aliyenipokea alikuwa fundi Yotamu, mtu wa ng'ambo ya Songwe, upande wa Nyasaland, ambaye alijifunza udereva kwenye malori ya jeshi wakati wa vita ile ya kwanza. Alikuwa mfupi, mkavu, na ngozi ya kidole gumba chake ilikuwa imekufa, ngumu kama ukwato. Barua yangu aliitia mfukoni bila kuifungua, akainua boneti ya pikapu.

"Hii inakunywa nini?" akaniuliza.

"Petroli, fundi. Na maji."

"Na nini tena?"

Nikaitazama injini.

"Hicho ulichokisahau ndicho kitakachokulaza njiani," akasema. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanipa nishike kwenye ncha. Gari lilikuwa ndiyo kwanza limerudi safari. Nilipiga kelele mpaka wapagazi wakageuka. Yotamu hakucheka. Alichovya kidole ndani ya debe la maji, akadondosha tone moja kwenye kijiti, na tone likalia chaa, likatoweka.

"Ikilia hivi, simama. Ikinyamaza, nenda. Ikiwa katikati, nenda polepole na usali."

Hicho ndicho kipimo cha joto la oili nilichokitumia kwa miaka yangu yote, na ninyi pia kitawafaa, maana gari letu halikuletwa na kipimo kingine. Ninyi nyote mnaangalia maji ya rejeta, nimewaona. Yotamu alikuwa akisema maji yakichoka yanapiga kelele na kutoa moshi hadi kila mpita njia anajua, ila oili ikichoka haisemi kitu. Inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, inakimbia kwenye beringi, vyuma vinaanza kulana, na dereva bado anapiga mluzi.

Palikuwa na geji ya oili yenye mshale mmoja. Ilipima msukumo, haikupima joto, lakini alinifundisha kulisoma joto humo humo. Oili inavyozidi kupata moto ndivyo inavyolegea, na mshale unateremka. Kwenye tambarare kutoka Mwaya, mshale ulisimama juu kidogo ya katikati. Ukipanda, unaanza kushuka. Ukifika alama ya pili kutoka chini, tafuta pa kusimama. Ukigusa alama ya mwisho, umeshachelewa, na kilichobaki ni kutega sikio.

Ukisimama, usizime injini hapo hapo. Iache izunguke taratibu ili oili ipite kila mahali na kupoa, kisha uzime. Tena mkumbuke upepo. Mchana upepo wa ziwa unapanda mlima pamoja nanyi, unawasukuma mgongoni, na mnaupenda kwa sababu unapoza shingo. Injini hauifai kitu. Mkienda kwa mwendo wa upepo, injini ni kama imefunikwa ndani ya chungu. Kwa hiyo mkipata mahali papana, geuzeni pua ya gari ielekee ziwani, na boneti iwe wazi.

Tukuyu shida inageuka. Asubuhi kule kuna ukungu na baridi, oili imeganda, hendeli ya kuwashia haizunguki hata mkiwa wawili. Nilikuwa nabeba kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika cha wafinyanzi wa Kikisi, nakitia makaa machache, nakisukuma chini ya injini kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Makaa, nasema, si moto wa ndimi. Dereva mmoja wa mizigo ya kahawa alitumia moto wa kuni, na baada ya hapo akawa mkulima.

Sasa nifike kwenye tope, maana hapo ndipo penye hadithi yangu. Chini ya injini kuna sampu, lile bakuli la chuma inamokaa oili. Chuma chake ni chembamba, na upepo unaopita chini ya gari ndio unaolipoza. Tope la mashamba ya mpunga ya Kyela mnalijua. Masika linaruka na kujibandika kwenye sampu unene wa vidole vinne. Likiwa bichi linatoka kwa mkono. Lakini injini ikipata moto linakauka, kisha linaokwa, na wanawake wa Kikisi hawapati chungu kigumu zaidi ya hapo. Oili inakuwa imelala ndani ya blanketi, na hakuna upepo wala kusimama kutakakoipoza.

Sheria ya Yotamu ilikuwa moja. Pale tambarare inapoishia, kwenye kijito, kabla ya kuanza kupanda, unasimama. Unatandika gunia, unalala chini ya gari, unakwangua tope lote na kuosha kwa debe la maji. Alikuwa anapaita kwa kinyozi. "Tupite kwa kinyozi," anasema, na mimi najua zamu ya kulala chini ni yangu.

Injini niliyoiunguza ni kwa sababu hiyo. Nilikuwa peke yangu kwa mara ya kwanza, mvua inanyesha, nami nina shati jipya. Nikajiambia siku moja haitaharibu kitu. Katikati ya mlima beringi ziliyeyuka, na nilikaa pale siku tatu nikila ndizi mbichi za kuchoma hadi Yotamu alipokuja na lori la watu wengine. Aliinama, akatazama chini ya injini, akainuka, akanitazama mimi.

"Shati zuri," akasema. Hakuniambia lingine hadi Mwaya.

Nilikaa naye miaka sita. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, akaomba kurudi kwao. Nilimpeleka hadi Njisi, kwenye kivuko cha Songwe. Alinipa spana yake moja na mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mzigo. Nilisubiri ageuke akifika ng'ambo, lakini hakuwa mtu wa kugeuka nyuma. Mwaka uliofuata nilisikia kwa wavuvi kwamba ameaga dunia. Tangu siku ile ya kivuko hapakuwa na mtu aliyejua ninachokifanya ndani ya kabini ile, kama nakifanya vizuri au vibaya.

Hapa niwaambie jambo ambalo mimi sikuambiwa. Kwetu wanaume wa rika moja hujenga pamoja na kula pamoja, leo nyumbani kwa huyu, kesho kwa yule, na anayekula peke yake hutazamwa vibaya, watu wanaanza kujiuliza anaficha nini. Mimi nimekula peke yangu kando ya barabara karibu maisha yangu yote. Nikirudi kijijini kwetu Ngana siku za mapumziko, wenzangu wa rika walinisogezea nafasi kwenye sinia, vizuri kabisa, kama anavyosogezewa mgeni. Walicheka mambo yaliyotokea wiki iliyopita nami nikacheka pamoja nao bila kujua nacheka nini. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo wazi ili likiwapata msidhani ni malaria.

Mke wangu alifariki kwa homa nikiwa safarini. Tulikuwa na mtoto mmoja, Gwakisa. Alioa vizuri, binti wa watu wa Mwaya aliyesoma shule ya misheni, na mwaka wa tatu wa ndoa akaenda kusini kwenye migodi ya shaba kama vijana wengi, akamwacha mkewe Ngana, mjamzito, pamoja na dada yangu Sekela. Kwa hiyo ndugu niliobaki nao walikuwa Sekela na mkamwana wangu. Na mkamwana wangu ndiye mtu mmoja duniani nisiyeruhusiwa kumwona.

Ninyi mliotoka Ubena na kwingineko labda hamjui. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hapiti naye njia moja, hatamki jina lake, hali chakula alichokigusa, na akisikia sauti yake anaondoka. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito kuliko zote tulizo nazo. Mchungaji wetu alihubiri mara nyingi kwamba Wakristo tuyaache hayo. Mkamwana wa mchungaji huyo alikuwa akiingia migombani kila aliposikia kengele ya baiskeli yake.

Mimi nilipiga honi. Kabla ya kona ya kuingia kwangu nilipiga mara mbili, ili kama yuko njiani apate muda wa kuingia migombani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Katika miaka mitatu niliona kisigino chake mara moja. Lakini chakula changu alikipika yeye, Sekela akakileta, wali na samaki au ndizi na maharage, na nilimjua kwa chumvi. Alipokuwa na wasiwasi juu ya Gwakisa alizidisha chumvi. Nilikula chote.

Siku yenyewe ilikuwa masika, asubuhi, siku yangu ya mapumziko, na pikapu ilikuwa kwangu kwa sababu daraja la upande wa Mwaya lilikuwa limezama. Sekela alikuja anakimbia, kanga yake imeloa hadi kiunoni.

"Kaka, gari linawaka?"

"Linawaka. Kuna nini?"

"Uchungu umemshika tangu juzi. Wakunga wamesema mikono yao imefika mwisho. Wamesema Tukuyu." Akavuta pumzi. "Njoo, kaka. Lakini usije."

Nilimwelewa. Nilirudisha gari kinyumenyume hadi karibu na mlango wao, nikapiga honi mara mbili, nikashuka, na safari hii mimi ndiye niliyeingia migombani. Nilisimama nimewapa mgongo huku wanawake wakifunga mikeka na majani ya migomba kuzunguka bodi yote hadi ikawa kijumba, na dirisha la nyuma la kabini wakaliziba kwa kanga. Nilimsikia akibebwa. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Kisha Sekela akaja.

"Nimekaa naye mimi. Nikigonga paa mara moja, simama. Mara mbili, nenda. Wewe usiseme kitu. Akikusikia ataruka, nakuapia, na hali ile aliyonayo."

Tukaondoka. Kutoka Ngana barabara ilikuwa mto wa tope. Mara mbili tulizama, na wakulima waliokuwa mashambani walitusukuma hadi viuno vyao vikawa vyeusi. Mmoja alinisalimia kwa lugha yetu, "Ugonile, tata," umeamkaje, baba, nami nikamjibu kwa kutikisa kichwa tu. Alidhani nina kiburi. Sekela akamweleza kwa sauti ya chini, naye akavua kofia, akarudi nyuma hatua tatu kama vile ni yeye aliyekosa.

Tulifika kwenye kijito, kwa kinyozi. Nikasimama, nikashuka, nikachukua gunia. Nilikuwa nimeshainama kutazama. Sampu ilikuwa haionekani. Tope lilikuwa limeifunika yote, bado bichi, bado linang'aa maji. Ilikuwa kazi ya dakika chache kwa mikono mitupu.

Sekela alishuka upesi. "Mbona umesimama? Sikugonga."

Nikamvuta hadi kando ya maji, nikamnong'oneza. "Lazima niingie chini nitoe tope. Bila hivyo injini haitafika."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika kana kwamba nimesema nitavua nguo.

"Chini? Chini yake yeye?"

"Chini ya gari, Sekela."

"Amelala juu ya mbao hizo. Baba mkwe alale chini ya mkamwana, naye yuko katika hali ile? Umeona wapi?"

"Tumshushe kidogo, basi."

"Tumshushe na nani? Mimi na wewe? Utamshika wewe?" Machozi yakaanza kumtoka. "Endesha, kaka. Gari lako limepanda mlima huu mara ngapi? Endesha tu."

Sitawadanganya. Sekela hakunilazimisha. Yeye hakujua oili ni nini. Mimi nilijua, nilikuwa nimefundishwa, na tope lile nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Lakini nilipofikiria kulala chali chini ya zile mbao, mwili wangu ulikataa. Niliogopa aibu kuliko nilivyouogopa mlima. Nililirudisha gunia nyuma ya kiti, nikatia gia.

Kipande cha kwanza tulikipanda vizuri. Kisha upepo wa ziwa ukatushika mgongoni, na mshale ukaanza safari yake. Alama ya pili kutoka chini. Nikasimama, nikaiacha injini izunguke, nikafungua boneti. Barabara ilikuwa nyembamba, sikuweza kugeuza pua. Nilidondosha tone la maji kwenye kijiti, likalia. Nilingoja, nikadondosha tena, likalia tena. Juu ya paa Sekela aligonga mara mbili. Nilingoja kidogo, nikaondoka kabla ya wakati.

Mara ya pili tulikwenda nusu ya mwendo wa kwanza, na kusubiri kukawa kurefu zaidi. Tope lilikuwa linaokwa, na oili ndani yake inaokwa nalo. Kilio cha nyuma kilikuwa kimepungua. Sikukifurahia kimya hicho. Ngo, ngo. Nikaondoka.

Mara ya tatu mshale ukagusa alama ya mwisho, na ndani ya injini nikasikia kitu kinagonga, kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Ni beringi. Sauti ile niliijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Nikasimama, na safari hii nikajua kwamba hata nikingoja hadi jioni haitatosha.

Ngo, ngo. Sikuondoka. Ngo, ngo. Kisha Sekela akashuka, nywele zimemtoka kitambani.

"Kaka, anaishiwa nguvu. Kwa nini umesimama?"

"Nikiwasha sasa injini inakufa, na tutabaki hapa. Hakuna gari litakalopita leo, barabara imekatika chini."

"Basi tufanye nini?"

Tulisimama pale wawili, watu wazima, kaka na dada, kila mmoja akijua la kufanya na hakuna anayelisema. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mikeka.

"Tata."

Sekela akaziba mdomo kwa kanga. Sikuwahi kuisikia sauti ile ikisema neno. Ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, na imechoka.

"Tata, ingia. Fanya kazi yako." Ikanyamaza, pumzi ikapanda na kushuka. "Nimefumba macho."

Nikatandika gunia, nikaingia.

Tope lilikuwa limegeuka tofali. Nililivunja kwa spana ya Yotamu na chuma cha kutolea tairi, kipande kwa kipande, na vipande vilipoanguka viliniunguza shingo na mikono, nina alama hadi leo. Juu yangu, umbali wa mkono mmoja, nilisikia kila pumzi yake kupitia mbao. Nililia kule chini. Nilitaka kumwambia ndiyo, mwanangu, nimeingia, lakini mdomo wangu haukufunguka. Hata kumkoholea tu sikuweza. Kazi ambayo pale kijitoni ingekuwa ya dakika chache ilichukua muda wa kuivisha chungu cha ndizi. Nilimwagia sampu maji kidogo kidogo, mvuke ukatoka, nikaongeza oili mpya ya akiba, nikapiga hendeli. Injini ikaitika. Mshale ukapanda, ukakaa. Hatukusimama tena hadi Tukuyu.

Wahudumu walimbeba kutoka nyuma huku mimi nimejificha upande wa jiko la hospitali, nimeutazama ukuta. Saa zilipita. Muuguzi mmoja mgeni wa mila zetu alinijia akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mimi ni dereva.

Alasiri Sekela alitoka. Mama ameokoka, akasema, amelala hajitambui, lakini ataishi. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Yule muuguzi, bila kujua anamwambia nani, aliniambia mtoto alikuwa hai tumboni hadi muda mfupi uliopita. "Angefika mapema kidogo," akasema, kisha akaona uso wangu, akasema ni kazi ya Mungu.

Mimi nilihesabu. Sikuhitaji saa. Kusimama kwa kwanza, kwa pili, kwa tatu, na ule muda wa chini ya gari.

Sekela alibaki hospitali, na mimi nikapewa mtoto amefungwa kanga, nimrudishe kwa watu wetu azikwe. Nikamweka kitini pembeni yangu. Kwenye kuteremka injini haipati moto. Unatia gia ndogo, unaiacha ikushike, na macho yako hayana kazi kwenye geji. Barabara ile sijawahi kuiona ndefu vile.

Ngana nzima walikuja kunishika mkono. "Ndaga fijo," waliniambia, asante sana, umemwokoa mwana wa watu. Mwenye ghala akanisifu mbele ya wapagazi. Wenzangu wa rika walinipa nafasi ya katikati kwenye sinia. Nilikula. Hakuna aliyeniuliza habari za tope, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuuliza, na aliyejua alikuwa amelala upande wa pili wa Songwe.

Mkamwana wangu alirudi baada ya wiki tatu. Nilipiga honi mara mbili kwenye kona, naye akaingia migombani, kama zamani. Chakula kilikuja, chumvi iko sawa. Gwakisa alirudi, akakaa, akaenda tena. Wamepata mabinti wawili, wananipanda magotini na kunivuta masikio. Sekela alifariki mwaka jana, na hakuwahi kulitaja lile gunia. Sasa nimeacha kazi, pikapu mnayo ninyi, na nikitaka kwenda kisimani nakohoa kwa nguvu kabla ya kona, kwa sababu honi sina.

Kwa hiyo mnaoendesha, andikeni hili popote mtakapoliona. Tope litolewe likiwa bichi, chini ya mlima, aliyelala juu awe yeyote.

Yaliyobaki si ya madereva. Mkamwana wangu anasoma vizuri kuliko mimi. Mila yetu inakataza macho, njia, jina na sauti. Nimeipitia yote polepole, nina muda siku hizi, na sijaona mahali inapotaja karatasi.

Mwanangu, siku ile nilikusikia. Nilinyamaza kwa woga, na woga huo huo ndio uliotuchelewesha. Pale kijitoni tope lilikuwa bichi nami nililiona. Uliambiwa mlima ulikuwa mkali. Mlima ni ule ule wa siku zote, kosa ni langu, na nakuomba unisamehe, hata kama hutapata njia ya kunijibu.

Tena najua hukumwona mwanao, na Sekela hakumfunua. Mimi nilimfunua, njiani, nilipokuwa nateremka. Alikuwa na nywele nyingi, laini, zimeshuka hadi kwenye paji. Midomo yako sijui ikoje, lakini yake ilikuwa mizuri. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda ndani kama cha Gwakisa. Kanga ilitosha, hakuwa na baridi. Nilimwambia jina langu, nikamwambia mama yake ni nani, na nilizungumza naye hadi tulipofika Ngana.